Jumba la sayansi la Ukambani lianzie mchangani

Jumatatu, Desemba 30, 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, mshindo mkubwa ulisikika katika kijiji cha Mukuku, eneo la Mbooni, Kaunti ya Makueni. Waliokimbilia huko walikuta pete kubwa ya chuma imelala chini, kipenyo chake takriban mita 2.5, uzani wake kama kilo 500, na ikiwa moto hata haikaribiki. Ilichukua muda kupoa. Kufikia Mwaka Mpya picha zake zilikuwa zimezunguka dunia, na Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikuwa limetoa taarifa: ni pete inayotenganisha sehemu za roketi, aina ya kifaa ambacho kwa kawaida huundwa kiteketee kinaporudi kwenye angahewa au kiangukie mahali pasipo watu, kama vile baharini. Maafisa waliichukua kwa uchunguzi, wanakijiji wakabaki na hadithi.

Walibaki na maswali pia. Ni ya nani? Mbona haikuungua ikaisha? Ilikuwa ikienda kwa kasi gani? Ingeangukia nyumba ya mtu, nani angelipa? Hayo ni maswali ya fizikia, ya uhandisi na ya sheria za kimataifa, na yaliulizwa na wakulima na wachungaji bila kuchochewa na mwalimu yeyote. Mukuku ilikuwa na maonyesho ya sayansi ambayo hakuna jumba la makumbusho lingeweza kuyanunua: kitu halisi, umati wenye hamu, na maswali yaliyozaliwa papo hapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyachukua maswali hayo na kuyaundia kitu ambacho mtoto, mama na mzee wangekishika, wakakijaribu, kikawajibu.

Hiyo ndiyo kazi ya mbunifu wa maonyesho ya sayansi ya kugusa. Wengi hudhani kazi hiyo huanza kwa kununua skrini na kompyuta. Huanza kwa swali ambalo mgeni tayari analo kichwani. Kwa kigezo hicho, Kitui na Makueni ni matajiri. Kaunti hizi mbili za Ukambani zina maswali, zina mifano hai, na zina mafundi wa kuunda vifaa. Makala haya yanachora jinsi jumba kama hilo linavyoweza kubuniwa, kifaa kwa kifaa.

Waliotangulia

Desturi ya kumruhusu mgeni ashike vitu ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1903, mhandisi Oskar von Miller alianzisha jumba la sayansi na teknolojia mjini Munich, Ujerumani, na jengo lake la kudumu likafunguliwa 1925. Huko mashine zilipasuliwa katikati ili matumbo yake yaonekane, na mgeni alibonyeza kitufe au kuzungusha mpini aone gurudumu likienda. Lilikuwa jambo geni kabisa wakati ambapo makumbusho yalijulikana kwa makabati ya vioo na mabango ya kukataza watu kugusa.

Hatua iliyofuata ilipigwa na Mmarekani Frank Oppenheimer. Alikuwa mwanafizikia, ndugu mdogo wa Robert Oppenheimer aliyeongoza wanasayansi wa bomu la atomiki. Mwaka 1949 siasa za Marekani za kuwasaka wakomunisti zilimtoa chuo kikuu, akaenda Colorado kufuga ng'ombe. Miaka kadhaa baadaye alipewa kazi ya kufundisha shule ya upili katika mji mdogo wa Pagosa Springs. Maabara ilikuwa duni, kwa hivyo akawapeleka wanafunzi wake, wengi wao watoto wa wafugaji, kwenye jaa la taka wakafungue mashine mbovu na kuchunguza vipuri. Mwaka 1969 alifungua Exploratorium mjini San Francisco. Katika jumba hilo karakana ya mafundi iliwekwa pale pale wanapopita wageni, kila mtu akiona vifaa vikichongwa, vikijaribiwa na kurekebishwa. Kuanzia 1975 jumba hilo lilichapisha maelekezo ya namna ya kuunda vifaa vyake, ili yeyote duniani aige.

Historia hiyo ina jambo la kuzingatia kwa msomaji wa Mwingi au Kibwezi. Mfumo unaoigwa leo na majumba makubwa ya sayansi ulipikwa katika shule ya mashambani, kwa vyuma chakavu, na mwalimu ambaye hakuwa na bajeti.

Afrika nayo haijakaa bure. Kituo cha sayansi cha Sci-Bono mjini Johannesburg kimekuwa kikipokea wanafunzi tangu 2004. Hapa Kenya, Susan Murabana na mumewe Chu Owen walianzisha The Travelling Telescope mwaka 2014, wakisafirisha darubini hadi shuleni ili watoto waone Mwezi na pete za Zohali kwa macho yao. Jumba la Makumbusho la Taifa jijini Nairobi, lililofunguliwa upya 2008 baada ya ukarabati mkubwa, lina hazina ya mafuvu ya kale isiyo na mfano, lakini nyingi ya hazina hiyo hukaa nyuma ya kioo, na ni haki ikae hapo. Fuvu la zaidi ya miaka milioni moja halichezewi. Ndiyo maana mashinani panahitajika jumba la aina nyingine, lenye vitu ambavyo vikivunjika leo, kesho vinatengenezwa.

Mikebe mitatu ya kasuku

Swali kubwa la Ukambani ni maji, na jibu maarufu zaidi lililoenezwa hapa ni bwawa la mchanga. Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni, Machakos, walianza kulijenga 1978. Huko Kitui, shirika la SASOL, ambalo Profesa Gideon-Cyrus Mutiso ni mmoja wa waasisi wake, lilishirikiana na wanavijiji kuanzia miaka ya 1990 kujenga mamia ya mabwawa hayo katika mito ya msimu. Leo wahandisi hutoka ng'ambo kuja kuyatazama.

Anayeyaona kwa mara ya kwanza huona ukuta wa zege ukikatiza mto mkavu, nyuma yake mchanga mtupu. Maji yako wapi? Swali hilo ndilo liwe kifaa cha kwanza cha jumba letu, na gharama yake haifiki bei ya mbuzi.

Weka mezani mikebe mitatu ya kasuku, ile ya kilo 2 inayotumika kupimia mahindi sokoni. Wa kwanza ujae mchanga mnene wa mtoni uliokauka. Wa pili ujae mchanga mwembamba. Wa tatu ujae matope laini yaliyokaushwa na kusagwa. Mikebe yote imejaa pomoni. Kabla ya kugusa chochote, mgeni anaulizwa: mkebe uliojaa mchanga utaingia maji kiasi gani? Anasogeza kigingi kwenye ubao kuonyesha kadirio lake. Kisha anamimina kwa kikombe chenye alama. Mkebe wa mchanga mnene utameza maji yanayokaribia theluthi moja ya ujazo wake, au hata zaidi, kabla hayajafika juu. Hapo ndipo mgeni anapojua kwamba ule mto mkavu ni tangi.

Lakini somo halijaisha. Kila mkebe una bomba dogo chini, lililozibwa kwa kitambaa cha kuchuja. Mgeni afungue yote matatu kwa pamoja. Mchanga mnene unatiririsha. Mchanga mwembamba unadondosha. Matope yamekunywa maji lakini hayataki kuyaachia. Kwa hivyo bwawa likijaa matope badala ya mchanga, limekufa hata kama lina maji ndani. Hiyo ndiyo siri ya ujenzi wake: baadhi ya kuta huinuliwa kwa awamu, msimu baada ya msimu. Ukuta ukiinuliwa wote kwa mkupuo, mto wa mafuriko hutulia nyuma yake na matope yakazama. Ukiwa mfupi, maji hupita juu kwa kasi yakiyabeba matope, na chembe nzito za mchanga ndizo zinazobaki.

Kifaa cha pili kinahusu jua. Wakazi wanajua maji ya bwawa la wazi huisha upesi, na yale ya mchangani hudumu hadi kiangazi kikolee. Mbunifu asiyejua fizikia atapanga beseni mbili juani, moja ya maji na moja ya mchanga uliolowa, kina cha sentimita 20. Atashangaa: zote mbili zitapoteza maji kwa kasi inayokaribiana siku za mwanzo, na mgeni ataondoka akiamini kwamba mchanga hausaidii kitu. Kifaa kitakuwa kimedanganya. Jua huvuta maji yaliyo karibu na uso wa mchanga, lakini yakishashuka kama sentimita 60 chini, upotevu hupungua mno. Kwa hivyo kifaa lazima kiwe na kina. Chukua bomba pana la plastiki lenye urefu wa mita 1, lijaze mchanga na maji, na ubavuni lifungwe mrija mwembamba unaong'aa ili kila apitaye aone maji yamefika wapi ndani. Kando yake pawe na bomba jingine kama hilo la maji matupu. Chama cha sayansi cha shule jirani kije kila wiki kuandika vipimo ubaoni. Baada ya miezi mitatu ubao huo utakuwa umejaa takwimu za Kitui zilizopimwa Kitui.

Hapo pia ndipo pa kueleza mjadala wa uchimbaji wa mchanga, uliosababisha Makueni kutunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Mtu aliyemimina maji kwenye mkebe kwa mkono wake haelezwi mara mbili kwamba lori likiondoka na mchanga limeondoka na tangi.

Pampu ya baiskeli na chombo cha angani

Sasa turudi kwenye pete. Chombo kinachozunguka dunia kwa karibu huenda kilomita 7.8 kwa sekunde. Kutoka mji wa Kitui hadi Wote, umbali wa kama kilomita 60 hewani, ni sekunde 8. Kinaporudi kwenye angahewa, hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kukwepa. Inabanwa kwa nguvu hadi inapata joto la maelfu ya nyuzi. Sehemu nyepesi huungua. Sehemu nene za metali ngumu zinaweza kunusurika, na hewa ileile inazipunguzia kasi kabla hazijagonga ardhi.

Utamwonyeshaje mtoto jambo hilo bila roketi? Kwa pampu mbili za baiskeli. Ya kwanza mdomo wake umezibwa kabisa. Ya pili uko wazi. Mtoto asukume kila pampu mara 20, kisha ashike chini ya silinda. Ile iliyozibwa itakuwa moto zaidi. Kwa nini ziwe mbili? Kwa sababu mtoto mwerevu atasema joto limetokana na msuguano wa pistoni, na ana haki ya kusema hivyo. Pampu iliyo wazi ina msuguano huohuo lakini haibani hewa. Tofauti ya joto kati ya pampu mbili ndiyo jibu. Fundi wa baiskeli yeyote Emali anajua pampu hupata moto. Kifaa hiki kinamwonyesha kwamba alichokuwa akikishika miaka yote kina undugu na kilichotokea juu ya Mbooni.

Uzani nao utafutiwe kifaa. Fundi wa kuchomelea aunde nakala ya pete, mita 2.5 kwa kipenyo, ijazwe zege ndani hadi ifike kilo 500, ining'inizwe kwa minyororo kwenye ncha fupi ya wenzo wa chuma uliosawazishwa. Egemeo liwe sentimita 20 kutoka upande wa pete, na mita 4 kutoka upande wa pili. Mtoto wa kilo 25 akikaa kwenye ncha ndefu, nusu tani inabaki ikielea sawa naye. Mwenzake akimkandamiza kidogo tu begani, pete inapanda. Lakini mtoto akishuka mita 1, pete imepanda sentimita 5 pekee. Hakuna kinachopatikana bure: ulichookoa kwa nguvu umekilipa kwa umbali. Bango la maneno 20 linatosha hapo. Lililobaki mwili umelielewa.

Ukutani pawekwe swali la sheria. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaiwajibisha nchi iliyorusha chombo kulipa fidia kwa madhara yanayotokea ardhini, hata bila kuthibitishwa kuwa kulikuwa na uzembe. Mgeni apewe mifano ya matukio, aamue nani alipe nini. Wanaodhani sayansi haina uhusiano na mahakama watagundua vingine. Na uchunguzi wa pete yenyewe ukishakamilika, Shirika la Anga za Juu lingefanya vyema kuirejesha Makueni iwe kitovu cha chumba hiki. Kitu kilichoanguka Mbooni kina thamani kubwa zaidi kikionyeshwa karibu na waliokisikia kikianguka.

Jicho la Kamoya

Makueni imetoa mmoja wa wavumbuzi wakubwa wa historia ya binadamu, na watoto wengi wa kaunti hiyo hawamjui. Kamoya Kimeu alizaliwa huko, akapata elimu kidogo ya darasani, kisha akajiunga na kazi ya uchimbaji wa visukuku ya akina Leakey, familia ya watafiti, akiwa kijana. Mwaka 1964 aliona taya la jamaa wa kale wa binadamu huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Agosti 1984, huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande cha mfupa wa kichwa kidogo kama kibiriti, kikiwa kimelala kati ya mawe ya volkano yenye rangi karibu sawa nacho. Uchimbaji uliofuata ulifichua kiunzi cha mvulana aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita, ambacho ni miongoni mwa viunzi kamili zaidi vya umri huo kuwahi kupatikana popote. Mwaka 1985 Kamoya alikabidhiwa nishani ya National Geographic na Rais Ronald Reagan katika Ikulu ya Marekani. Spishi mbili za kale za nyani zina jina lake. Alifariki Julai 2022.

Ukimuenzi kwa picha na wasifu ukutani, umepoteza nafasi. Kilichomtofautisha Kamoya ni ustadi wa kuona, na ustadi huonyeshwa kwa kujaribiwa. Tengeneza sanduku pana la mita 2 kwa 2, lijaze kokoto nyeusi za lava, ambazo vilima vya Chyulu havina uhaba nazo. Kati yake ufiche nakala 6 za vipande vya mfupa, vilivyopakwa rangi ileile ya kokoto. Mgeni ana dakika 5 kuvitafuta kwa macho tu. Akikosa, azungushe mpini unaoshusha taa hadi mwanga uje kwa ubavu, ukigusa kokoto kwa pembe ya chini. Vivuli vinarefuka, na umbo lililofichwa na rangi linajitokeza. Hapo mgeni amejifunza kanuni ambayo watafutaji wa visukuku huizingatia porini: asubuhi na jioni ardhi husema mengi kuliko adhuhuri.

Ugumu wa kifaa hiki uko kwenye kipimo. Vipande vikiwa rahisi mno, hakuna fahari. Vikiwa vigumu mno, watoto watakata tamaa na kuanza kurushiana kokoto. Dawa ni kuwa na sanduku lenye sehemu tatu za ugumu tofauti, na mhudumu anayevihamisha vipande kila asubuhi ili aliyekuja jana asimwibie siri mwenzake.

Pua, na mlima wa mbali

Sayansi ya kugusa si ya mikono pekee. Makueni ni nchi ya maembe, na kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda kiko Kalamba. Adui mkubwa wa maembe hayo ni nzi wa matunda kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Kwa sababu yake Kenya ilisitisha yenyewe mauzo ya maembe Ulaya mwaka 2014. Silaha mojawapo dhidi yake ni mtego wenye kivutio cha harufu kinachowaita madume hadi yanasahau kila kitu na kuingia kifoni. Jumba liwe na chupa za harufu zilizofungwa vizuri, zikiwa na karafuu, embe bivu, embe lililooza na kivutio chenyewe, pamoja na mtego halisi uliojaa nzi na lenzi ya kuwatazama. Mgeni anusie, akisie ni ipi inayomwita nzi, kisha ahesabu waliokamatwa wiki hiyo. Mkulima aliyefika na mjukuu wake atakuwa na mengi ya kumwambia mhudumu, na mhudumu mwenye busara atasikiliza na kuandika.

Upande wa Kitui, kilima chenye mwonekano mzuri kingetosha kwa kifaa kimoja cha nje. Desemba 3, 1849, mmishonari Johann Ludwig Krapf, akiwa mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba Kivoi, aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui. Alipoandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, mabingwa wa jiografia walioketi London, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, walikataa katakata. Hawakuwahi kufika, walitegemea hoja za mezani. Mlima uko umbali wa kama kilomita 150 na kilele chake ni mita 5,199. Simika bomba la chuma lililoelekezwa kwenye kilele hicho, na kando yake daftari. Kila mgeni aandike tarehe, saa, na kama ameuona au la. Mingi ya mistari hiyo itasema haukuonekana, kwa ukungu na vumbi. Miaka ikipita, daftari hilo litakuwa kumbukumbu ya hali ya hewa ya Ukambani iliyoandikwa na maelfu ya mikono, na mtoto atakayeisoma ataelewa jinsi shahidi mmoja mkweli anavyoweza kutoaminiwa.

Karatasi kwanza, chuma baadaye

Kosa la kawaida la miradi ya aina hii ni kujenga jengo, kukata utepe, kisha kutafuta cha kuweka ndani. Wabunifu wazoefu hufanya kinyume. Kila kifaa hujaribiwa kwanza kwa boksi, kamba na gundi. Mikebe ya kasuku ipelekwe Wote au Mwingi siku ya soko, iwekwe mezani bila maelezo, na mbunifu asimame kando akitazama. Watu wanashika nini kwanza? Wanaachia wapi? Wanasoma bango au wanaliruka? Wanaitana? Kifaa kizuri hujulikana kwa kelele: mtu akimwita mwenzake aje aone, kimefaulu. Watu wakibonyeza na kupita, kirudi karakana.

Kisha kuna mazingira. Vumbi la kiangazi huingia kila mahali, umeme hukatika, na watoto 40 wa Gredi ya 4 wakitoka ndani ya basi hawana simile. Skrini ya kugusa ikiharibika Kitui itangoja fundi wa Nairobi, na huku ikingoja itafunikwa kitambaa na kibandiko kinachosema haifanyi kazi. Beringi ya baiskeli, bolti, mpini wa kinu, bomba la plastiki na mnyororo hupatikana katika duka lolote la vifaa, na mafundi wa jua kali wanavijua kwa majina. Kigezo kiwe hiki: kifaa kisichoweza kutengenezwa ndani ya siku mbili na fundi aliye umbali wa kutembea kwa miguu kisiingie jumbani.

Meza ziwe za urefu wa aina mbili, ili mtoto na aliye kwenye kiti cha magurudumu wafike. Mabango yaandikwe kwa Kikamba na Kiswahili kwa herufi kubwa, Kiingereza kikifuata, na alama za kugusa ziwekwe kwa wasioona. Mikebe ya mchanga na chupa za harufu zinawafaa hao hata kuliko wenye macho. Bibi asiyesoma asilazimike kumtegemea mjukuu aelewe kwa nini kisima cha mchangani hakikauki, maana huenda yeye ndiye mwalimu mwenyewe.

Nani alipe, nani aendeshe

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inayataja makumbusho miongoni mwa majukumu ya kaunti, pamoja na maktaba na bustani. Kwa hivyo Kitui na Makueni hazihitaji kuomba ruhusa ya mtu ili zianze. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, kina walimu na wanafunzi wa sayansi wanaotafuta mahali pa kufanyia kazi. Makumbusho ya Taifa yana ujuzi wa miongo mingi wa kutengeneza na kuhifadhi nakala za visukuku. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa 2018 kwenye mpaka wa kaunti hizi mbili kwa kimo cha mita 80.5, litavuta wageni wengi, na palipo na wageni panafaa kuwa na kitu cha kuwafundisha. Mji wa teknolojia wa Konza, uliozinduliwa Malili mwaka 2013, uko mlangoni kabisa pa Makueni.

Mahitaji nayo hayawezi kungoja. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 chini ya mtaala wa umilisi liliingia shule za upili za juu Januari 2026, na wengi wao walitakiwa wachague mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu kabla hawajawahi kuona maabara yenye vifaa kamili. Kuwataka wachague hivyo ni kuwataka wapende wasichokijua. Jumba moja lenye vifaa 12 vilivyobuniwa vizuri, likipokea shule moja kwa siku, lingewapa watoto wa kaunti mbili nafasi ya kukisia, kukosea na kujaribu tena bila kupigiwa alama.

Wanasiasa watapenda kuanza na jengo, kwa sababu jengo huzinduliwa. Bajeti ya mwaka wa kwanza ingefaa ielekezwe kwingine: mshahara wa mafundi wawili, mmoja wa chuma na mmoja wa mbao, mshahara wa wahudumu vijana wanaojua Kikamba na wasioogopa maswali, banda la mabati lenye kivuli na meza imara, na gari la kubebea vifaa hadi masokoni na shuleni. Banda hilo liwe karakana iliyo wazi, wageni wakipita katikati ya kazi. Mtoto akifika akakuta kifaa kimefunguliwa kwa matengenezo, asiambiwe arudi kesho. Apewe spana, aonyeshwe nati ipi ya kulegeza.